Mbegu isiyojua kungoja: namna ya kuotesha prunusi Bukavu na milimani kwetu

Mwaka wa kwanza nilipata kilo nzima ya mbegu za prunusi, mti wa msitu wa milimani, nikazitendea kama maharagi. Nilizianika juani siku tatu, nikazichanganya na majivu, nikazitia kwenye chupa na kuziweka chini ya kitanda zisubiri mvua ya Septemba. Mvua ilipokuja nikazipanda kwa mistari iliyonyooka, nikamwagilia, nikafukuza kuku wa jirani. Novemba nilikuwa bado namwagilia udongo mtupu. Mama mkwe wangu, aliyepita pale kila siku akienda kuchota maji, siku moja alitua bidoni yake akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, humo unafuga nini?"

Sikuwa na jibu. Kilo moja ina mbegu kati ya 3,400 na 6,000, na mimi nilikuwa nimeziua zote kwa bidii yangu mwenyewe. Mbegu ya prunusi haikaushwi kama ya maharagi au ya mahindi. Ikikauka, imekufa. Ikikaa wiki chache ndani ya nyumba, nyingi zimekufa. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kinyume na desturi: kitalu kwanza, mbegu baadaye. Usipande mlimani kutafuta tunda hata moja kama tuta lako halijamwagiwa maji.

Mti wenyewe

Vitabuni unaitwa Prunus africana. Sisi wa pepinyeri, yaani wa vitalu vya miche, tunasema prunusi tu. Wanaosema Kinyarwanda wanauita umwumba, na Wanande wa Butembo na Lubero wanauita ngote. Wazee wa kilima chenu wana jina lao, na inafaa uwaulize, kwa sababu wao ndio wanaojua miti mikubwa iliyobaki imesimama wapi. Wafanyabiashara wa maganda bado wanatumia jina pijeum, ambalo wataalamu wa mimea waliliacha tangu 1965.

Mtu wa Bukavu akisikia neno prine, anafikiria prine ya Japoni, lile tunda jekundu la sokoni tunalolifinya na kulinyonya. Lile ni ndugu wa tomati, halina ukoo na huu mti. Prine ya kweli ya Kivu ndiyo hii ya msituni, ndugu wa pechi, na tunda lake ni chungu. Ndege na kima wanalipenda, mtu hapana.

Utautambua hivi. Ganda la mti mzima ni jeusi au kahawia iliyokolea, limepasukapasuka vipande vya pembe nne. Majani hayapukutiki yote kwa wakati mmoja, yanang'aa upande wa juu, na kikonyo cha jani mara nyingi kina wekundu. Maua ni madogo, meupe, yamejipanga kwenye kijiti kimoja. Tunda ni dogo, pana kuliko lilivyo refu, kama mipira miwili iliyogandana, na upana wake ni sentimita moja na kidogo. Lakini ushahidi mkubwa ni pua. Chuma jani bichi, lisugue viganjani, unuse: linatoa harufu kali ya lozi chungu, ile ya kiini cha pechi ukikipasua. Ukibaki na shaka, beba tawi lenye majani na tunda, ulipeleke Lwiro kwenye kituo cha utafiti, ambako kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Ni mti wa milimani, kuanzia mita 900 hadi 3,400 hivi juu ya bahari. Bukavu iko kwenye mita 1,500, kwa hiyo hapa ni nyumbani kwake. Kabare, Walungu na Kalehe ya juu vilevile. Aliye Uvira mjini au kwenye tambarare ya Ruzizi asijisumbue, joto la huko si lake. Aliye kwenye vilima vya juu vya Uvira, ndiyo, aendelee kusoma.

Sasa kwa nini tuuhangaikie? Mwaka 1966 huko Ufaransa ilisajiliwa hataza ya dawa iliyotengenezwa kwa maganda yake, dawa ya wanaume wazee ambao tezi dume imevimba na mkojo unatoka kwa shida. Babu zetu walikuwa wakichemsha ganda hilohilo zamani, ila wao walichubua kipande cha kutosha sufuria moja. Kiwanda kinataka tani. Watu wakaanza kuchubua mti wote kuuzunguka, toka mizizini hadi matawini, na wengine wakaukata kabisa ili wafikie ganda la juu. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kikipita ndani ya ganda lenyewe. Ukilivua kama shati, mizizi inakufa njaa na mti unakaukia umesimama. Tangu 1995 mti huu umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake ganda halivuki mpaka bila kibali, na kwenye orodha nyekundu ya dunia umeandikwa kuwa uko hatarini. Ongeza juu yake makala ya Bukavu, yaani makaa ya kupikia, ambayo hayachagui mti.

Neno la sheria, mara moja tu: ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega hakuokotwi chochote. Si ganda, si tunda, si mche. Miti ya mbegu iko pia nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya watu, kwenye viwanja vya misheni za zamani, pembezoni mwa mashamba ya chai. Huko ndiko kwa kuombea.

1. Tayarisha tuta na udongo

Chagua mahali penye mteremko mdogo, karibu na maji. Maji ya bomba yakikatika wiki mbili, na sote wa Bukavu tunajua yanavyokatika, miche haitakusikiliza ukieleza. Maji ya mto au ya mvua yaliyokingwa chini ya mabati yanatosha.

Tuta la kusia mbegu liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga ndani. Urefu ni wako. Lijaze mchanganyiko wa mchanga wa mto na udongo mweusi, nusu kwa nusu, uliochekechwa. Udongo wetu mwekundu ukiachwa peke yake unashikamana kama wa kufyatua matofali. Mbegu inaoza humo kabla haijaamka.

Juu ya tuta jenga paa la kivuli, kimo cha sentimita 60 hadi 80, kwa matete au majani makavu ya migomba. Jua lipite kwa vitone.

Kisha sashe, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Mimi natumia zenye urefu wa sentimita 20, zilizotobolewa chini. Asiyekuwa na pesa ya sashe akate chupa za maji za plastiki, atoboe kitako kwa msumari wa moto. Kwa kuzijaza napima hivi: ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza mpaka haina harufu, ndoo 1 ya mchanga. Ukiweza, tia viganja vichache vya udongo uliotoka chini ya prunusi mzee. Mna kuvu wadogo wanaoishi na mizizi yake na kuisaidia kunyonya chakula, na mche unaowapata mapema unakua kwa nguvu. Samadi mbichi usiitie kabisa. Inaunguza.

2. Tafuta miti mama, mingi

Usiridhike na mti mmoja hata kama una matunda ya kujaza gunia. Miche yote ikiwa ya mama mmoja, ugonjwa unaoweza kumuua mmoja utawaua wote, na kizazi kinachofuata kitakuwa cha ndugu kuoana na ndugu. Changanya mbegu za miti mitano, kumi, au zaidi ukiipata, tena iliyoachana mbali.

Mwenye shamba unamwendea kwa adabu. Mzee mmoja wa Kabare, mwenye miti miwili mikubwa nyuma ya zizi lake, alinitazama muda mrefu nilipomwambia ninataka matunda. "Matunda tu? Si ganda?" Nikamjibu, "Matunda tu, mzee, na nitakurudishia miche." Akacheka, akaniambia wote waliotangulia walikuja na panga. Nilikuwa nimebeba kasiksi, pombe ya ndizi, tukakaa. Toka siku ile yeye ndiye anayenipigia simu matunda yakianza kuiva, na simu yake ina thamani kuliko kalenda yoyote, kwa maana miti hii haiivi kwa tarehe moja. Kutoka ua mpaka tunda bivu ni miezi 4 hadi 6. Ukiona maua, andika tarehe na uhesabu.

3. Chuma, na ufike nyumbani siku hiyohiyo

Tunda bichi ni la kijani. Likianza kuwa la rangi ya zambarau au kahawia yenye wekundu, limekomaa. Tandika shitingi (turubai ya plastiki) chini ya mti, mtu mwepesi apande na kutikisa matawi, au yavutwe kwa mti mrefu wenye kulabu. Yaliyoanguka zamani yaache. Mengi yametobolewa na wadudu au yameshachemka ndani.

Usiyatie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Yanapata joto kama ndizi za kuivishwa na kiini kinakufa njiani. Tumia kikapu, au gunia la nyuzi lenye kupitisha hewa, na kwenye pikipiki lisikae juu ya bomba la moshi. Nacheka nikiandika hivyo, lakini yamenikuta.

4. Toa nyama ya tunda

Jioni hiyo loweka matunda kwenye ndoo. Asubuhi yasugue kwenye ungo wa waya au ndani ya mchanga mnyevu mpaka nyama yote itoke, suuza maji mawili matatu. Zinazoelea ni tupu au zimeliwa na wadudu, zitupe. Zilizozama zitandaze kivulini juu ya gunia, saa chache tu, maji ya juu yakauke. Juani hapana, hata dakika kumi.

Watoto wakae mbali na kazi hii, au waambiwe wazi wasitafune viini. Ile harufu ya lozi chungu inatokana na vitu vinavyozalisha sianidi, na sianidi ni sumu. Kunawa mikono mwishoni kunatosha kwa mtu mzima.

Kama kuna kikwazo na huwezi kusia siku hiyo, changanya mbegu na maranda ya mbao yenye unyevu, yale ya kufinya yasitoe tone, uweke mahali baridi penye giza. Utapata wiki moja au mbili za kujipanga. Kwenye frigo, kwa nyuzi 5 hivi, mbegu zenye unyevu wake zinaweza kuvuka miezi, ila hilo ni la mwenye umeme wa usiku na mchana. Mimi simo.

5. Sia

Chora mistari kwenye tuta, ulaze mbegu zikiachana sentimita 3 hadi 5, kisha uzifunike kwa udongo wa sentimita 1. Zaidi ya hapo zinachoka kabla ya kutokeza. Tandaza nyasi kavu nyepesi juu, mwagilia kwa bidoni iliyotobolewa matundu madogo kwenye kifuniko, ili maji yanyeshe yasichimbe.

Kinachofuata ni kungoja, safari hii wewe si mbegu. Wengi wanakata tamaa hapa na kulima tuta upya. Za kwanza hutokeza kwenye wiki ya 3 au ya 4, nyingine zinafuata polepole mpaka wiki ya 8, na wavivu wachache hata baadaye. Mbegu mbichi zilizotunzwa vizuri zinaweza kukupa miche 6 hadi 8 kwa kila mbegu 10. Ukipata 2, usilaumu mvua: rudi kwenye hatua ya 3 na ya 4 ujiulize zilikaukia wapi.

Mara tu vichwa vya kijani vinapoonekana, ondoa nyasi, maana miche itarefuka myembamba ikitafuta mwanga. Punguza na maji. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mche unaolala ghafla, shina likiwa limenyong'onyea na kuwa jeusi pale unapogusana na udongo, umepatwa na kinyausi. Ung'oe pamoja na jirani zake, usimwagilie jioni tena, fungua kivuli hewa ipite. Sijapata dawa inayoshinda hewa.

6. Hamishia kwenye sashe

Mche ukiwa na majani 2 hadi 4 ya kweli, uhamishe. Mwagilia tuta kwanza. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina, kwa kuwa jani likichanika litaota jingine, shina likibonyea basi. Toboa shimo katikati ya sashe kwa kijiti, shusha mzizi mpaka chini, kisha uuvute juu kidogo ili unyooke. Mzizi uliokunjwa kama mkia wa nguruwe utakua hivyohivyo miaka yote, na siku ya upepo mkubwa mti wa mita 10 utalala chini na wewe utashangaa.

Wiki 2 za kwanza kivuli kizito, kisha punguza kidogo kidogo. Kila mwezi inua sashe moja moja. Mizizi iliyotoka chini ikate kwa wembe. Ukisahau kazi hii, mche unaota mizizi ardhini, na siku ya kuupanda unaung'oa kama jino.

Baada ya miezi 6 hadi 9 mche una sentimita 30 hadi 40. Mwezi mmoja na nusu wa mwisho uuzoeshe jua kamili na maji machache. Mche ulionenepa kwa kivuli na maji ya kila siku unapendeza sokoni, na unakufa shambani.

Hapa tumia hesabu ya kurudi nyuma. Sisi tunapanda mvua inapokwisha kushika, mwisho wa Septemba hadi Novemba, au Machi. Mbegu zilizosiwa Januari ziko tayari Septemba au Oktoba. Zilizosiwa Juni zitakuwa tayari Machi. Kwa kuwa mbegu ndiyo inayoamuru tarehe ya kusia, wewe unabaki na uamuzi mmoja tu, wa msimu gani wa mvua utapanda.

Njia ya mkato: maotea

Chini ya prunusi mkubwa uliozungukwa na shamba au uwazi, mara nyingi kuna zulia la miche iliyojiotea. Mingi itakufa kwa kivuli cha mama yake, kwa hiyo kuichukua kwa ruhusa ya mwenye shamba si dhambi. Chagua isiyozidi sentimita 15. Mirefu ina mzizi ulioshuka sana na utaukata tu. Nenda asubuhi baada ya mvua, chimba na bonge lake la udongo, uifunge kwenye ganda la mgomba lenye maji. Nyumbani kata nusu ya kila jani, tia kwenye sashe, funika kwa plastiki iliyosimamishwa juu ya fito chini ya kivuli kwa wiki 2 au 3. Kwa mtu anayetaka miche 50 ya shamba lake, mimi ningemwambia aanze na hii, aachane na mbegu.

Njia ya subira: vipandikizi

Miaka mingine matunda hayaji, au mti unaoupenda uko peke yake na hauzai. Hapo unatumia matawi. Usikate kwenye kilele cha mti mzee, kuni zile hazitoi mizizi. Kata machipukizi laini ya mche mchanga, au yale yanayochomoza kwenye kisiki.

Tengeneza sanduku la mbao au matofali, kimo cha mkono. Ndani tandaza plastiki isiyovuja, juu yake mawe, kisha kokoto, kisha sentimita 10 za maranda yaliyooza, peke yake au na mchanga. Mimina maji mpaka yafike kwenye kokoto, yasifike kwenye maranda. Juu weka kifuniko cha plastiki angavu kinachoziba. Maji yale ya chini ndiyo yatakayopanda kama mvuke na kufanya hewa ya ndani iwe kama ya msituni alfajiri. Sanduku likae kivulini.

Asubuhi na mapema kata vipande vya sentimita 10 hivi, kila kimoja kibaki na jani moja au mawili yaliyokatwa nusu. Vitie ndooni kwenye maji hapo hapo. Ukiwa na unga wa homoni ya mizizi, chovya kitako. Chomeka sentimita 3, ziba sanduku. Kila ukifungua, nyunyiza majani kwa pampu ndogo. Jani lililoanguka litoe, lisioze humo. Kipandikizi kilichopoteza jani lake, mara nyingi ni maiti. Jani ndilo linalolisha mizizi inayoanza. Wiki 8 hadi 12, vuta taratibu: kikikataa kung'oka, kimeshika. Mara yangu ya kwanza vilishika 4 kati ya 20. Sasa ninafika nusu, na sidai zaidi.

7. Panda shambani

Shimo la sentimita 40 kila upande. Udongo wa juu uweke kando moja, wa chini kando nyingine. Wakati wa kufukia changanya wa juu na samadi, uutangulize kwenye mizizi. Chana sashe yote, uitoe. Nimeona miche ya miaka 2 iliyodumaa, tukafukua, tukaikuta bado imevaa plastiki yake ya kitaluni.

Haupendi maji yaliyotuama, basi bondeni kwenye matete usiupeleke. Pembezoni mwa parseli (kiwanja chako) achanisha mita 4 au 5. Ndani ya kahawa au migomba, mita 8 hadi 10, maana kivuli chake kitakuwa kikubwa. Kwenye miteremko yetu panda juu ya mistari ya kuzuia mmomonyoko, pamoja na majani ya mifugo. Usiupande karibu na ukuta wa nyumba: huu ni mti wa mita 30, ambao mjukuu wako ndiye atakayeuona umefika huko.

Majirani watakuuliza kwa nini hukupanda mkalitusi. Ni swali la haki, kwa sababu mkalitusi utakupa nguzo na makala baada ya miaka michache. Mimi ninayo yote miwili. Mkalitusi uko juu kwenye jiwe, prunusi iko chini kwenye udongo mzuri pamoja na maharagi, na sijaiweka karibu kwa vile mkalitusi unakunywa kwa pupa. Prunusi mahali pazuri inaongezeka karibu mita 1 kwa mwaka ikiwa changa, nyuki wanaipenda, na mbao yake ngumu inatoa mipini ya jembe isiyovunjika.

Miaka 3 ya kwanza, adui ni wawili: mbuzi, na jembe la mtu wa nyumbani. Mbuzi atafungiwa nje kwa miiba. Jembe ni gumu zaidi, kwani anayepalilia maharagi haoni mche ndani ya magugu, anaupiga shinani. Simika vijiti vitatu kuuzunguka, palilia kwa mkono nusu mita kila upande, tandaza nyasi Juni kabla kiangazi hakijakausha udongo.

Siku ya ganda

Hiyo iko mbali, miaka 12 hadi 15, pale shina linapofikisha kipenyo cha sentimita 30. Ganda linachukuliwa kwenye robo mbili za shina zinazotazamana, robo mbili nyingine zikiachwa bila kuguswa, kuanzia kimo cha mita 1 mpaka tawi la kwanza, bila kisu kugusa mbao. Robo zilizobaki zinangoja miaka 5 au zaidi, mpaka majeraha yafunge. Kuuza nje ya nchi kunapitia ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, ndiyo yenye kutoa vibali vya CITES kwetu. Weka kidaftari cha tarehe ya kupanda na idadi ya miti, kitakusaidia siku utakapotakiwa kuonyesha kuwa ganda limetoka shambani na si hifadhini.

Na baba anayeamka usiku mara nne kwenda kukojoa aende hospitali apimwe kabla hajachemsha chochote. Uvimbe wa kawaida na kansa vinaanza na dalili zilezile, na sufuria haiwezi kuvitofautisha.

Mti wako wa kwanza kuzaa, baada ya miaka 10 na kitu, hutautambua kwa kutazama juu, matunda yamejificha katikati ya majani. Sikiliza ndege. Kima wakianza kuja alfajiri na mashimorongo, ndege wenye mabawa mekundu, wakigombana kwenye tawi lilelile siku mbili mfululizo, mwagilia tuta, na tandika shitingi jioni hiyohiyo.